Hiyo Kafe Resa Hukuijenga Wewe

Kuna video moja mnaipenda sana. Imetengenezwa na watu mia lakini ni ile ile. Inaanza na Honda ya zamani imeegeshwa nyuma ya nyumba ya guka, kuku amelalia kiti, vumbi mpaka ndani ya taa. Jamaa anapiga vidole, tap, nduthi imekuwa nyeusi tii. Kiti ni cha ngozi ya kahawia. Mkia umekatwa mfupi, tairi ni nono, ekzosi imefungwa bandeji kama mguu wa mtu ametoka hosi. Juu ya skrini imeandikwa: nimeijenga mwenyewe, nyumbani. Komenti ni moto, moto, moto.

Swali langu ni moja tu, wasee. Pale katikati, baada ya kuku na kabla ya ngozi ya kahawia, grainda ilikuwa imeshikwa na nani?

Tusidanganyane. Ilikuwa imeshikwa na fundi. Ako Kariobangi Light Industries, ama Gikomba, ama kwa kijia fulani nyuma ya Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan. Aliletewa simu yenye picha ya Pinterest, akaambiwa, "Fundi, nataka ikae hivi, nakuja kuichukua Ijumaa." Akakata, akachomelea, akapiga msasa. Akalipwa nusu Ijumaa, na nusu baada ya kupiga simu mara nne. Siku ya kurekodi aliombwa asogee kidogo juu anaziba mwanga.

Halafu wewe ndio mjenzi.

Nimeamua kuandika badala ya kurekodi, juu nikirekodi nitatukana na mamangu anaangalia. Mwezi uliopita kijana wa grupu yetu ya WhatsApp aligonga tuta huko Kasarani akiwa amembeba dadake. Tuta la kawaida, si shimo. Mkia wa nduthi, ile sehemu ya fremu yenye inabeba kiti, ukaachana pale ulipochomelewa. Kiti kikalalia tairi la nyuma na wote wakaenda chini. Yeye amevunjika mfupa wa bega. Dada ako na plasta kwa mkono wa kuandikia na mtihani ni muhula ujao.

Hata kabla watoke hosi, grupu ilikuwa imetoa hukumu. Mafundi wa jua kali ni bure. Hao watu hawajasoma. Mimi siwezi peleka nduthi yangu kwa hao. Meseji hamsini za hivyo. Nikaenda nikafungua ile video ya hiyo nduthi, bado iko, na kwa hiyo video hakuna fundi hata kivuli chake. Kuna kijana mmoja, aproni safi, ameshika spana ya namba kumi na nne akiangalia mbali kama mtu ana madeni.

Kwa hivyo hesabu yenu ni hii: ikipendeza umeijenga wewe, ikikatika imejengwa na fundi.

Nilienda kwa huyo fundi. Sikuenda kumtetea, nilienda kuuliza. Alinionyesha kipande cha bomba kilichobaki. Bomba la maji, lile la kupaka zinki, lilikuwa limebaki wakati wa kuweka mifereji kwa plot. Mwenye nduthi ndiye alikuja nalo, ili asinunue lingine. Tena picha ya Pinterest ilikuwa na mkia mfupi sana, kwa hivyo fremu ilikatwa mbele ya pale shokapu za nyuma zinashikia. Fundi alimuuliza, "Sasa kijana, hapa ukikata shokapu zitashikilia nini?" Akajibiwa afanye tu venye ameambiwa. Akachomelea bomba la maji, akachomelea vishikio vya shokapu juu ya hilo bomba la maji, na kuanzia hiyo siku kila tuta la Nairobi lilikuwa linasukuma ile welding kutoka chini.

Alifaa kukataa. Nilimwambia hivyo usoni, kwa heshima, ni mtu wa umri wa babangu. Aliniuliza kama mimi ndio nitamlipia kodi ya shedi mwezi huo. Sijapata jibu la hilo swali mpaka leo na sitajifanya ninalo. Lakini angalia vizuri nani alikuwa na ujuzi kwa hiyo maongezi, na nani alikuwa na uamuzi. Mtu anayejua alitumiwa kama mkono. Hakuulizwa, aliagizwa. Na hiyo tabia ya kumtoa fundi kwa video ni tabia ile ile ya kumtoa kwa uamuzi. Ukishamwona kama mashine ya kukodi, huwezi kusikia ikikwambia breki zako zimeisha.

Sasa wacha niwaambie kafe resa ni nini, juu naona wengi mnadhani ni rangi.

Uingereza, miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa viwandani, si watoto wa matajiri, wanapata mshahara na wananunua pikipiki za kawaida za kwenda kazi: Triumph, BSA, Norton. Wanakutana kwa mikahawa ya barabarani. Mmoja unaitwa Ace Cafe, uko London kwa barabara ya North Circular, ulifunguliwa 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukapigwa bomu wakati wa vita, ukajengwa tena 1949. Hao vijana walikuwa wanataka kitu kimoja, kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Kila kitu walichofanya kwa pikipiki kilikuwa kinafuata hiyo. Usukani wa kawaida ulitolewa, ikawekwa mikono miwili mifupi inayofungwa kwa foku zenyewe, ili mtu ainame upepo umpite juu. Ukiinama hivyo miguu haiwezi kukaa mbele, kwa hivyo vikanyagio vikarudishwa nyuma. Vyuma visivyo na kazi vikatolewa ili kupunguza uzito. Mkia ulikatwa kwa sababu ya uzito. Kiti kilikuwa cha mtu mmoja kwa sababu hakuna mwenye alikuwa anabeba dadake.

Na ile nduthi yao maarufu kabisa, Triton, ilikuwa injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Fremu ya Norton ilikuwa inasifiwa kwa kushika kona, injini ya Triumph ilikuwa na nguvu na ilipatikana. Sehemu ya sababu hizo fremu zilipatikana bila injini ni kwamba watu wa mbio za magari madogo walikuwa wananunua Norton nzima, wanatoa injini, wanauza kilichobaki. Wasee, hiyo ni Gikomba. Hiyo ni Gikomba kabisa, na vumbi lake. Waliunganisha mabaki mawili mazuri wakapata kitu kinachoshinda vya dukani, na ilibidi mtu ajue kwa nini fremu hii na si ile.

Nyinyi mmechukua sura mkaacha sababu. Mmeshusha usukani mkaacha vikanyagio pale pale mbele, sasa unaendesha kama mtu anatafuta funguo chini ya kitanda, uzito wote kwa viganja, baada ya kutoka Ngara mpaka Juja mikono imekufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi ndio wa breki. Mmeweka tairi nono za matuta, za shamba, kwa nduthi yenye haijawahi kuona shamba, na mvua ikinyesha Thika Road zile meno hazishiki lami. Hata hamjaangalia tairi ni ya lini. Iko na namba nne kwa ubavu, ndani ya kaduara kalikorefuka. Ikiwa 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huo ni mgumu kama kandambili za jela. Inachukua sekunde tano kuangalia na nimeona nduthi ya laki na nusu imewekwa tairi ya umri huo juu "ilikuwa na sura ya kizamani".

Halafu breki. Hapa nitakaa kidogo, mtanisamehe.

Nduthi nyingi mnazokata ni Honda CG ya 125 ama kopi yake ya Kichina. Chaguo zuri sana, nitafika huko. Lakini breki ya mbele kwa nyingi ya hizo za zamani ni ya dramu, na dramu ya miaka arobaini si kitu cha kupaka rangi na kusonga mbele. Fungua gurudumu. Angalia viatu vya breki vimebaki unene gani. Angalia dramu yenyewe ndani, kama ina mifereji ama imekuwa yai. Kama imekuwa yai, ukifinya breki utasikia inapiga piga mkononi, na dawa yake ni fundi wa mashine ya kukereza, anaondoa kidogo sana mpaka inakuwa mduara tena, kama bado ina nyama ya kutosha. Toa ile kamu inayosukuma viatu, isafishe, weka grisi kidogo, kidogo tu, grisi ikifika kwa viatu umejiua. Badilisha kebo, usiipake mafuta ukasema ni mpya. Na angalia ule mkono mdogo nje ya dramu wenye kebo inavuta: wakati breki imeshika, mkono na kebo zinafaa kufanya pembe ya karibu nyuzi 90. Ukipita sana hapo unavuta kwa nguvu lakini nguvu haifiki. Hiyo kazi yote haihitaji welding wala mkopo. Ni Jumamosi moja, na vile viatu ni bei ya chipsi na kuku ya watu wawili.

Ile vumbi ya viatu vya zamani usiipulize kwa mdomo. Viatu vya miaka hiyo vinaweza kuwa na asbestosi. Kitambaa kilicholowa, unapangusa, unatupa.

Je, umewahi kuona video ya mtu akifungua dramu? Haina laiki. Najua, nilipost mbili.

Kitu kingine kinachonikera ni kabureta. Mnatoa lile boksi la hewa, mnaweka filta ya sponji ile ya koni juu inaonekana vizuri pembetatu ya katikati ikiwa wazi. Sawa. Lakini sasa hewa inaingia nyingi kuliko petroli inayopimwa na jeti, na injini inachoma kwa joto. Lazima uongeze jeti kuu, upime, uangalie rangi ya plagi, urudie. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya pwani, kwa hivyo hapa unaweza kuponea, nduthi inaenda, unadhani umemaliza. Halafu Disemba mbogi inasema twende Mombasa. Unashuka Mtito, unashuka Voi, hewa inazidi kuwa nzito, mchanganyiko unazidi kukosa petroli, na jua ndilo hilo. Pistoni inakwama Mariakani na unasema ni mafuta mabaya ya petroli stesheni. Fundi wa kabureta mwenye amekaa Grogan miaka ishirini anajua hii kitu bila kujua asilimia. Anasikiliza tu. Ungemuuliza.

Sasa najua mko tayari kwa komenti, wacha nijibu zile nazijua.

"Lakini nilimlipa." Sawa, ulimlipa kazi. Hukumnunua jina. Wewe ukipost unapata wafuasi, unapata kampuni ya helmeti inakutumia helmeti, unapata wateja wanaotaka uwajengee, na hao wateja unawapeleka kwa yule yule fundi kwa bei ya zamani na unaweka katikati yako. Yeye anabaki kungoja geti. Kazi ya nduthi kumi na moja imepita mkononi mwake na hakuna mtu Kilimani anajua ako. Jina lake kwa video lingekugharimu maneno mawili.

"Mafundi hawapendi kamera." Umeuliza? Mimi nilimuuliza wangu. Kwa video zangu zote jina lake liko na shedi yake inaonekana. Na najua mtaniuliza mbona simtaji hapa. Nilimuuliza pia. Alisema kwa video ni sawa, watu waone kazi, lakini kwa posti ya kugombana hapana, juu wateja wake wengine ni hao hao ninaowasema. Si unaona venye inafanya kazi? Unauliza, anajibu.

"Kazi yao ni mbovu." Ya wengine ni mbovu, ndio. Kuna mtu atakuchomelea fremu na ile sindano ya dirisha, juu juu, inang'aa, ndani haijashika kitu. Dirisha halitetemeki. Geti haliendi kilomita 80 kwa saa. Fundi wa geti na fundi wa fremu wanaweza kuwa majirani na wasiwe na kazi moja, na kujua tofauti ni jukumu lako wewe mwenye nduthi. Mwambie akate kipande cha mfano, akichomelee, halafu kipige nyundo mbele yako. Akikataa, toka. Ukitaka mkia mpya, kata nyuma ya vishikio vya shokapu, viache kwa fremu vile Honda walivyoviweka. Nunua bomba la chuma lenye kipenyo na unene sawa na la fremu. Kati ya bomba la zamani na jipya ingiza kipande cha chuma ndani kinachokaa kwa yote mawili, toboa matundu, chomelea matundu pia. Na usimletee mtu bomba la zinki achomelee. Ule moshi mweupe ni zinki inaungua, na ndio hufanya fundi alale usiku akitetemeka kama ana malaria. Ni homa inayojulikana ya wachomeleaji. Wewe ulikuwa umesave mia nane.

"Hawajasoma." Hii ndio ilinitoa kwa grupu.

Mimi nilikuwa chuo, uhandisi wa mitambo, miaka miwili, kisha karo ikaisha na nikaisha nayo. Sisemi ni chuo gani. Kwa hiyo miaka miwili nilichora giaboksi, nilipiga hesabu ya giaboksi, nilifanyiwa mtihani wa giaboksi. Kugusa giaboksi, zii. Karakana ilikuwa na mashine za maana zimefunikwa karatasi, tunapitishwa kama watalii. Giaboksi ya kwanza kuifungua ilikuwa ya CG, chini ya mabati, na mwalimu wangu alikuwa ameishia darasa la saba. Alinifundisha kupanga kila washa kwa gazeti kwa mpangilio ilivyotoka. Hesabu zangu za chuo zilinisaidia pia, siwezi kudanganya: mimi ndio nilimweleza kwa nini sproketi ya nyuma yenye meno machache inapunguza nguvu ya kupanda mlima, yeye alikuwa anajua kwamba inapunguza. Kila mtu alikuwa na nusu yake.

Na hili jina "jua kali" mnalitumia kama tusi. Mwaka 1972 shirika la kazi duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu Kenya, na ni hiyo ripoti ilisambaza duniani lile neno la sekta isiyo rasmi. Watu wa mbali walikuja wakaangalia watu kama hawa wa hapa na wakaona uchumi. Sisi tumezaliwa katikati yao, sanduku tulilobeba bording lilipigwa nyundo Kamukunji, na bado tunaona "hawajasoma". Kama ni karatasi mnataka, NITA wanapima ufundi kwa vitendo, gredi ya tatu mpaka ya kwanza. Badala ya kununua kioo cha shilingi elfu tatu cha kuweka mwishoni mwa usukani, lipia fundi wako huo mtihani. Mimi na wasee watatu tunachangia wa fundi wetu saa hii. Alikataa mara mbili kwanza, akasema amezeeka.

Basi, mtu ataniuliza, kujenga nyumbani ni nini, kama welding unatoa nje? Ni kazi nyingi sana, na ndio ile mnairuka. Mimi nakaa bedsita, ghorofa ya kwanza, na keateka aliniruhusu kona ya parking kwa sharti ya kutomwaga oili. Hapo unaweza kufungua nduthi nzima. Kila boliti kwa mkebe wa Blue Band, mkebe una tepu, tepu ina maandishi. Picha kabla ya kugusa waya, picha baada. Tangi lenye kutu unajaza siki, unaacha siku nzima ama mbili, unamwaga, unasuuza na magadi, unakausha haraka. Tangi lenye tundu usiliguse na moto hata kama limekaa tupu mwaka, mvuke wa petroli hauna kalenda. Waya unazipanga upya kwa mchoro, unaweka fyuzi, narudia, fyuzi, juu nimeona kafe resa tatu hazina hata moja, betri imefichwa chini ya kiti cha sponji. Kama CG yako ni ya zamani kabisa angalia umeme wake ni wa volti 6, usije ukanunua taa za volti 12 ukashangaa. Unasafisha, unapima, unaagiza spea. Ukishafanya hayo yote, sema umejenga, nani atakukataza. Utasema "tumejenga" mwenyewe bila kulazimishwa, juu utakuwa umeshinda shedini wiki tatu ukinywa chai ya wenyewe.

Kuhusu nduthi gani. Honda walianza kuuza CG mwaka 1976 na waliitengeneza makusudi kwa nchi kama yetu, watu wasiobadilisha oili kwa wakati na wanaobeba kuliko kiasi. Ile injini yake ya kusukuma vali kwa fimbo Wachina wakaikopi, na ushuru ulipolegezwa kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000 tukafurika boda za injini hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba spea ziko kila mtaa. Nguvu yake ni ya farasi 11 hivi. Haitafika maili 100 hata ukiisukuma kutoka Limuru ikishuka. Hiyo ni sawa, punguza uzito, tengeneza breki, ishike kona, ni raha kuliko unavyodhani.

Lakini ukipata Honda ya guka iko kamili, ina madigadi zake, nembo zake, tulboksi yake, kiti chake, logibuku yake, tafadhali weka grainda chini. Vyombo vya mtumba vikizidi miaka 8 haviingii hii nchi, kwa hivyo hakuna kontena la Honda za 1978 linakuja. Zilizopo ndizo zilizopo. Ile kamili isafishe, iendeshe vile ilivyo, guka akuone nayo. Ya kukata ni ile ya boda iliyogongwa, fremu nzima, kila kitu kingine kimeisha, imelala kwa uwanja wa vyuma ikingoja kuuzwa kwa kilo.

Na kabla ya kupaka rangi, angalia namba ya chesisi, iko kwa shingo ya fremu. Watu wanapiga msasa hapo mpaka inalala, halafu rangi nzito juu yake. Siku polisi wanakusimamisha na logibuku inasema namba na fremu haisemi kitu, hiyo ni nduthi ya wizi mpaka ueleze vinginevyo. Ukibadilisha injini, NTSA wajue. Mnalia ati mnasumbuliwa na askari juu ya sanaa. Askari gani anajua sanaa? Anaangalia taa, vioo, plet na indiketa, na wewe umetoa vyote vinne.

Yule kijana wa Kasarani tumeongea. Bega linapona. Anasema atajenga tena na nimemwambia sawa, lakini fremu tutaenda nayo pamoja, na safari hii fundi ndiye atasema mkia unaishia wapi. Amekubali kuweka video ya kwanza chini. Ameanza pia kumlipa fundi ile nusu iliyobaki, juu kumbe hata hiyo ilikuwa haijaisha.

Nyinyi wengine mkiwa na nduthi iko njiani, nitumieni picha. Kiti sitaki kuona. Nataka dramu ikiwa wazi, welding kabla ya rangi, na jina la aliyechomelea, kama amekubali litajwe. Nitapost zote Jumapili jioni, na ile yenye ufa nitaizungushia duara nyekundu.